Ukiugua, Paka Atakula kwa Nani?

Mimi paka siwapendi. Nataka hilo lijulikane mapema, maana watu wa Malaba wakisikia nimekaa jirani na Zilpa Akwii miaka yote hii, hudhani nami nimeambukizwa. Sijaambukizwa. Mimi ni fundi wa nguo, na paka na kitambaa cha satini hawakai chumba kimoja. Lakini kibanda changu na hoteli ya Zilpa vimegawana ukuta mmoja wa bati, na bati hilo lina tundu pale chini. Tundu hilo nimeliziba kwa mawe, kwa mbao na kwa kipande cha zulia. Kila nikiliziba, asubuhi nakuta paka amelala juu ya suruali ya mtu.

Hoteli yenyewe iko kando ya barabara kuu, pale ambapo malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda husimama foleni. Siku njema foleni huishia mlangoni petu. Siku mbaya hufika Amagoro na kupita. Madereva hushuka, hunawa uso kwa maji ya chupa, wakaja kula kwa Zilpa ugali wa wimbi na muhogo, omena, maharagwe, chai ya tangawizi. Na pamoja na madereva hushuka paka.

Watu wa mbali hawaniamini nikiwaambia hivi. Paka hupanda malori. Hupanda Mariakani, hupanda Salgaa, hupanda Eldoret, popote lori lilipolala na shehena inanuka panya. Anaingia chini ya turubai kuwinda, anashiba, anasinzia, akiamka yuko safarini. Turubai likifunguliwa Malaba, anaruka chini katikati ya kelele, hajui mtu wala uchochoro. Wengine hugongwa siku hiyohiyo. Wengine hukimbizana na mbwa wa sokoni mpaka mbwa washinde. Waliobaki ndio wa Zilpa.

Hakuanza kwa huruma, na yeye mwenyewe husema hivyo. Alianza kwa panya. Alimchukua paka mmoja amlindie unga, paka akazaa, jirani akaomba mtoto, na mambo yakaota mizizi. Siku hizi ukiingia maduka ya nafaka ya hapa, ukaenda stoo ya shule kule Moding, ukafika hata kwa wauza samaki wa Busia, utakutana na paka aliyepitia chini ya meza ya Zilpa. Anawalaza katika maboksi ya mafuta ya kupikia, anawapa dawa ya minyoo ndani ya kichwa cha omena, na daktari wa mifugo anapokuja kula, hapewi sahani kabla hajachoma sindano na kukagua masikio. Paka akinenepa na kuacha kuogopa sufuria ikianguka, Zilpa anamtafutia kwake.

Na hapo ndipo utamjua Zilpa ni nani. Paka wake hupati kwa kuomba tu. Kwanza anakuja kwako kunywa chai. Anakaa, anatazama, chai inapoa. Anauliza mbwa wenu hulala wapi. Anauliza watoto wenu wana mikono ya namna gani, ya kushika au ya kuvuta mikia. Swali la mwisho analiuliza akiwa ameshasimama kana kwamba anaondoka: "Ukiugua, paka atakula kwa nani?"

Watu hucheka. "Mama, si paka inashika panya yenyewe?" Yeye hacheki. Anataka jina. Mwenye jina hupata paka, asiye na jina huambiwa asante kwa chai.

Swali hilo zamani hakuwa nalo. Lilikuja mwaka ule alipougua malaria nami nikiwa Butula kwenye matanga ya shangazi yangu. Mwanawe wa pekee, Hillary, yuko Doha, anafanya kazi ya ghala. Mumewe alishatangulia mbele za haki. Zilpa alilala ndani, mlango umefungwa, na majirani wakadhani amesafiri. Niliporudi nilimkuta midomo imekauka kama udongo wa Januari, na paka wake wawili aliokuwa amewafuga tangu utoto wao walikuwa wameondoka kutafuta pa kula. Yeye alipona. Paka hawakuonekana tena. Kwa malaria hakutoa chozi hata moja, kwa paka alilia kama mtoto. Tangu hapo sikuwahi kumsikia akimwita paka yeyote wake. Ukimuuliza ana paka wangapi, atakujibu, "Mimi sina paka. Mimi ni stendi. Wewe ulishaona abiria anajenga nyumba stendi?"

Paka akishapata kwao, kuna desturi zake. Kwetu huku paka hatolewi bure. Ukimtoa bure, wazee husema, atajiona hana thamani, atarudi au atakufa. Pesa nazo hazifai, kwani paka si mbuzi wa mnadani. Kinachofaa ni kuku. Unaleta kuku, unapewa paka. Kisha paka anatiwa guniani, gunia linafungwa kwa kamba, asije akaona njia akairudia. Akifika nyumbani anazungushwa nguzo ya kati mara tatu, ndipo gunia lifunguliwe. Hapo amekuwa wa boma, na wa kumdai hayupo.

Nimeeleza yote hayo ili uelewe siku ya kuku mwekundu.

Ilikuwa siku ya soko. Benedetta, mama mwenye stoo ya wimbi kule Amukura, alifika kabla ya saa ya chakula, kuku mwekundu kamshika kwapani. Alikuwa ameshapita maswali yote. Mbwa wake alilala nje ya ua, wajukuu wake walikuwa na adabu, na jina alilotoa lilikuwa la dada yake wa nyumba ya pili. Zilpa alikuwa amemwahidi dume la manjano, paka mnene, mpole, mvivu kidogo. Basi tangu alfajiri dume lile halikuonekana. Nadhani lilipanda lori, na kwa sasa linakula samaki Jinja.

"Rudi wiki ijayo," Zilpa akamwambia.

"Nirudi na kuku?" Benedetta akang'aka. "Watu wa Amukura wameniona nikitoka na hii kuku. Nikirudi nayo watasema nini? Kuku yangu imekataliwa! Hapana, Mama Hillary. Nipatie paka."

Hoteli ilikuwa imejaa. Ugali ulikuwa unashika chini ya sufuria, dereva mmoja alikuwa anagonga meza akidai supu, na Benedetta amesimama mlangoni kama askari wa kodi. Chini ya benchi kulikuwa na paka wa kijivu mwenye mistari, mwembamba, anakula vichwa vya omena kwa pupa. Hatukumjua. Bila shaka alikuwa ameshuka lori.

Mgeni kama huyo Zilpa humkalisha kwanza. Humgeuza tumbo, humfungua mdomo, humchunguza mpaka amjue tabia. Siku hiyo hakufanya hata moja. Alimkamata ngozi ya shingo, paka akampasua aproni, na kabla hujasema lolote kamba ilikuwa imeshafungwa.

"Huyu ni mkali," Zilpa akahema.

"Ukali ndio nataka," Benedetta akasema, akapanda boda, gunia likitukutika mapajani, akaenda zake Amukura.

Kuku wa namna hiyo Zilpa hawafugi, maana paka wangewamaliza. Huwachinja siku hiyohiyo. Kuku mwekundu akaingia sufuriani, na harufu ikatoka mpaka barabarani. Mimi nilipata firigisi, siwezi kusema uongo. Sehemu kubwa alikula dereva mmoja mzee, mnene, mwenye ndevu za mvi, jina lake Ochuodho. Alikula polepole na kwa heshima. Alikula paja, akala bawa, akafyonza shingo mfupa kwa mfupa, akaomba mchuzi wa kumalizia ugali.

"Mama, hii ni kuku ya nyumbani kweli," alisema akijifuta ndevu. "Wiki nzima meno yangu ilikuwa imesahau kazi."

Akaenda kwenye lori lake. Haikupita muda akarudi, na uso wake haukuwa ule wa mtu aliyeshiba. Mkononi alikuwa na kisahani cha omena, anainama chini ya kila benchi akiita, "Utingo! Utingo wee!"

Akatueleza. Utingo wake wa kweli, kijana wa Voi, alimwachia kazi njiani siku moja bila kwaheri. Safari hiyohiyo, pale Mariakani, paka akaingia ndani ya kabini ya lori, akakaa kwenye kiti cha utingo, akatazama barabara. Ochuodho akaona basi, kazi imepata mtu. Ni mwaka wa pili sasa wanasafiri pamoja, Mombasa hadi Kampala, na jina la paka ndilo hilo, Utingo. Foleni ikisimama hushuka, hutembea kidogo, hula kwa watu, hurudi. Hajawahi kupotea hata siku moja.

"Anafanana aje?" Zilpa akauliza, na nikasikia sauti yake imebadilika.

"Kijivu, mistari. Ncha ya mkia imekatika."

Mwiko ulimponyoka Zilpa. Mkia huo usio na ncha ndio uliokuwa wa mwisho kuingia guniani, na wote wawili tuliuona.

"Na ako na watoto," Ochuodho akaongeza, bado hajaelewa. "Alizaa juzi nyuma ya kiti, kwa sweta yangu. Wanne. Saa hii wanalia mpaka kabini yote inalia."

Zilpa alikaa juu ya gunia la makaa. Mwanamke mwingine angesema hajamwona paka, na nani angejua? Yeye alisema yote, moja kwa moja, akimtazama usoni. Kwamba alidhani paka amepotea. Kwamba hakumgeuza tumbo. Kwamba paka yuko Amukura. "Na ile kuku umekula," akamalizia, "ndio walileta kwa ajili yake."

Ochuodho akaitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa inang'aa mafuta. Mimi nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikainama kuokota mwiko. Zilpa akatoa pesa ya sahani ile mfukoni mwa aproni, akamrudishia. Dereva hakutaka kuipokea. Zilpa akaibandika mezani mbele yake na kumwambia asimtie aibu zaidi.

Sasa sikiliza ubaya wenyewe. Karatasi za Ochuodho zilikuwa zimeshapita, na foleni siku hiyo ilikuwa inatembea. Mbele yake yalibaki malori machache. Geti likifunguliwa unaingia. Usipoingia, unatolewa pembeni na kurudishwa mkiani, Amagoro huko, na ofisini Mombasa kuna mtu anayetazama kwenye simu lori limesimama wapi na kwa nini. Akivuka bila paka, watoto hawafiki Tororo. Akibaki, huenda kazi nayo isibaki.

"Mimi siwezi vuka bila yeye," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja jina lake.

Zilpa alipiga simu ya Benedetta. Imezimwa. Akavua aproni iliyopasuka, akamwita Derrick wa boda, akaacha sufuria tatu jikoni na wateja mezani, kitu ambacho tangu nimjue hakuwahi kufanya.

"Quinter, shika watoto."

"Mimi?"

"Joto, Quinter. Usiwape maziwa ya ng'ombe, itawaharibu tumbo. Wape joto tu." Na pikipiki ikaondoka.

Ochuodho akaniletea sweta. Ndani yake mlikuwa na vitu vinne vyenye macho yaliyofumba, kila kimoja kinatosha kikombe cha chai, na vyote vinapiga kelele kuliko mashine yangu. Nikawaweka ndani ya boksi. Sweta ilikuwa imelowa, nikavuta kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa satini nyeupe ya bibi harusi wa Jumamosi. Nikatia makaa kwenye pasi, nikaiegesha kando ya boksi, si karibu sana, nikawa naisogeza na kuirudisha. Katikati nikawa nakimbilia upande wa pili kuwapakulia madereva ugali. Mmoja wa wale watoto alinishika ncha ya kidole, akanyonya, asipate kitu, akaendelea kunyonya. Moyo uliniuma. Nasema wazi, uliniuma sana.

Yaliyotokea Amukura nilisimuliwa na Derrick, na Derrick huongeza chumvi, lakini Zilpa alisikiliza akisimuliwa na hakumkatiza, kwa hiyo yapokee.

Walimkuta Benedetta anaanika wimbi. Paka alikuwa amefungiwa stoo, anakwaruza chini ya mlango. Zilpa akaomba arudishiwe paka. Benedetta akaweka mikono kiunoni.

"Nimezungusha nguzo mara tatu. Hii paka ni ya hapa. Kama unataka paka, rudisha kuku."

"Kuku imeliwa."

"Na nani?"

"Na mwenye paka."

Benedetta akamtazama, akamtazama Derrick, akafikiri, kisha akacheka mpaka akakaa juu ya wimbi lake. Alicheka mpaka jirani akachungulia uani. Lakini alipofungua stoo na kumshika paka, akamgeuza, akaona chuchu zimejaa hadi maziwa yanatoka yenyewe, kicheko kikamwisha.

"Wewe Mama Hillary," alisema taratibu. "Wewe wa kutuuliza maswali mpaka chai inapoa. Hukuangalia tumbo?"

"Sikuangalia."

Derrick anasema hapo Zilpa alijifuta macho kwa kiganja.  Benedetta akasema atangoja mtoto mmoja wa paka huyu akishakua, na habari ya kuku iishie hapo. Zilpa akanyoosha mikono.

"Bado," Benedetta akasema. "Hajafunguliwa."

Maana aliyezungushwa nguzo lazima azungushwe tena, mara tatu, kinyume, la sivyo mguu mmoja utabaki kwa boma. Derrick alipiga kelele, "Mama, lori inaenda!" Hakuna aliyemsikiliza. Wanawake wawili wazima walizunguka nguzo na paka, polepole, bila kuruka mzunguko hata mmoja. Derrick alipoleta gunia, Zilpa alilisukuma kando. Alimfunga paka kifuani kwa kitambaa chake cha kichwa, uso wa paka ukitazama mbele.

"Wacha aone njia," alisema.

Huku Malaba geti lilikuwa limeshafunguliwa. Lori la mbele ya Ochuodho likaingia. Yeye akazima injini, akafungua boneti, akainamisha kichwa ndani na kuanza kukaza kitu ambacho kilikuwa kimeshakazwa tangu kiwandani. Honi zikaanza. Nyuma yake kulikuwa na dereva wa Kampala, mrefu, mwenye hasira.

"Ssebo, songa! Gari yako ina nini?"

"Nangoja utingo wangu," Ochuodho akamjibu kutoka ndani ya boneti.

"Utingo gani wa kungojwa hivi?"

Madereva wengine wakamwonyesha kibanda changu. Akaja anafoka, akafika mlangoni, akasikia. Akachungulia boksini. Akaniuliza kama pasi haiwaunguzi. Alipotoka, aliwasimamia wenzake barabarani na kuwaambia gari la mbele limeharibika kabisa, atakayepiga honi aje ainue injini mwenyewe. Habari ikateremka foleni nzima, lori kwa lori, na honi zikafifia. Askari wa geti alikuja, akatazama boneti, akatazama saa, akasema anaenda kunywa maji na akirudi asikute upuuzi.

Askari alikuwa bado hajarudi Derrick alipotokea, anapanda barabara kwa upande usio wake, taa zimewaka mchana. Zilpa alikuwa kichwa wazi, mikono imechanwa hadi viwiko. Kitambaa kilipofunguliwa paka hakutafuta mlango. Alisikia watoto, akaruka chini, akapita jikoni, akapiga mbio hadi ukutani, akapenya kwenye tundu lile la bati nililokuwa nikiliziba miaka yote hii, akasukuma kipande cha zulia kwa kichwa, akaingia boksini. Kelele zikakatika zote kwa mara moja.

Ochuodho alipiga magoti kwenye sakafu yangu yenye sindano. Alimkuna kichwani kwa kidole kimoja, na yeye Utingo hakumtazama hata kidogo, alikuwa na kazi. Nilimwambia abebe boksi zima, na satini yake. Bibi harusi nilimtafutia nyingine Busia, na mpaka leo hajui. Lori liliwaka kwa ufunguo wa kwanza. Likaingia getini huku madereva wote wakipiga honi, safari hii kwa furaha, na askari akiziba masikio.

Zilpa alijilaumu wiki nzima. Nilimwambia mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, mambo yamerudi sawa, ya nini kujitesa?  Kisha asubuhi moja akaja kuniomba vipande vya kitenge vilivyobaki. Tangu siku hiyo kila paka anayeshuka lori hufungwa utepe wangu shingoni, na haendi kwa mtu mpaka foleni aliyokuja nayo iwe imevuka yote. Madereva wameshazoea. Wanaokula hapo huchungulia kwanza chini ya benchi kama kuna wa kwao. Na kila anayeletwa, hata dume lenye masharubu ya babu, Zilpa humgeuza tumbo.

Ochuodho alipita mara kadhaa, akisalimia kwa honi. Mara moja, akitoka Kampala, alisimamisha lori akashuka na boksi. Watoto walikuwa wameshafumbua macho na kula. Wawili alikuwa amewagawa kwa madereva wenzake. Mmoja alikuwa wa Benedetta, kama ilivyoahidiwa. Wa mwisho alikuwa jike la kijivu, na huyo alimweka mezani mbele ya Zilpa.

"Huyu ni wako."

"Nitamtafutia pahali," Zilpa akasema, tayari anamgeuza tumbo.

"Sikusema umtafutie. Nimesema wako."

"Baba, mimi ni stendi. Na tena sina kuku."

"Kuku nilishakula," Ochuodho akajibu.

Kisha akavuta benchi, akakaa, akaomba chai. Ilipokuja hakuinywa. Akatazama paa, akatazama jiko, akatazama maboksi chini ya meza, chai ikipoa mbele yake. Mimi nilikuwa nashona mlangoni kwangu, ambapo naziona meza zake; nikaelewa anafanya nini, nikaacha kushona.

"Mbwa yako inalala wapi?"

"Sina mbwa." Zilpa alikuwa ameanza kutabasamu.

"Watoto wako wana mikono ya aina gani?"

"Mtoto wangu yuko Doha, na mikono yake ni mirefu kukushinda."

Wateja wakacheka. Ochuodho akasimama kana kwamba anaondoka, akashika mlango.

"Ukiugua, paka atakula kwa nani?"

Tabasamu likamwisha Zilpa. Alikuwa na birika mkononi, na birika likabaki hewani. Nilimwona akilitafuta jina, kama tulivyowaona wengine wakilitafuta, na nilijua anaona nini: mlango umefungwa, midomo imekauka, na vibakuli viwili vitupu. Yeye aliyewanyima watu paka kwa kukosa jibu hilo hakuwa nalo. Akalishusha birika. Akaanza kumsogeza yule mtoto wa paka, taratibu, arudi upande wa dereva.

"Kwa Quinter," nikasema kwa sauti, nikiwa upande wangu wa bati.

 Nikaona nimalize kabisa, maana nilikuwa nimeshaanza na hasira zangu zilikuwa zimenipanda, hasira za nini sijui. "Atakula kwangu. Na wewe utakula kwangu. Na ukifunga mlango siku mbili bila kuniambia, nitauvunja na utanunua mwingine."

Ochuodho akarudi mezani, akanywa chai yake yote ikiwa baridi, akasema ni tamu. Zilpa hakugeuka kunitazama. Alikuwa amemficha yule mtoto ndani ya aproni, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jioni, nilipokuwa nafunga kibanda, niliyatoa mawe kwenye tundu, nikatoa ubao, nikatoa na zulia. Kesho yake nilikuta suruali ya mwalimu mmoja imejaa manyoya ya kijivu, na juu yake mwenye manyoya amelala. Kabla sijafungua mdomo nikasikia bati linagongwa.

"Quinter! Paka yangu iko huko?"

Nilisimama na ile suruali mkononi. Nilitaka alirudie lile neno.

"Paka ya nani?" nikauliza.

"Yangu," Zilpa akasema.